Mwanga Kwanza

Kuna wanaume wanaoomba radhi kwa maua, na kuna wanaoomba kwa machozi. Huyu wa Chiriku aliomba radhi kwa kumkabidhi ufagio.

"Wa leo ni mpya," alimwambia, akiutoa nyuma ya gari kama mtu anayetoa zawadi. "Nyuzi zake laini kuliko za ule wa zamani. Hautakuchosha mkono."

Chiriku aliupokea. Aliutazama ufagio, akamtazama aliyeuleta, akautazama tena ufagio, na kama angelazimishwa achague kati ya hao wawili nani wa kuishi naye, asubuhi ile angekubali posa ya ufagio.

Walikuwa wameacha gari kwenye changarawe, na mbele yao hapakuwa na kitu cha kumfurahisha mtu: mchanga, mawe na vichaka vilivyokauka hadi upeo wa macho. Mpita njia angeapa kwamba nchi ile yote ni bapa kama meza. Ilikuwa mpaka usogee ndipo uone ardhi imechanika, na kwenye mchaniko huo kuna njia ya kuteremkia, na chini yake kuna korongo jembamba lenye kuta nyekundu zilizopindapinda. Watalii walikuwa na korongo lao kubwa mbali na hapo, lenye geti, vyoo na kibanda cha soda. Hili halikuwa na hata kibao. Msanii, maana ndivyo kila mtu alivyomwita mwanamume huyo na ndivyo alivyopenda kuitwa, alidokezwa habari zake na dereva wa lori, akaja mara moja peke yake, na tangu siku hiyo akalificha kama mtu anavyoficha kipara. Habari ya kuchukua mwongozaji wa watalii hakutaka hata kuisikia. Mwongozaji angeleta wapiga picha wengine, na wapiga picha wengine wangeleta nyayo.

Nyayo ndizo zilizokuwa adui yake. Picha zote zilizompa jina zilikuwa za mahali ambapo hapajakanyagwa: mchanga laini, ukuta wa mwamba, mwanga, basi. Magazeti yalimsifu kwa upweke wa picha zake. Hakuna gazeti lililojiuliza huyo mpiga picha mwenyewe alifikaje pale, alikuwa na mabawa? Alifika kwa miguu kama sisi sote, na nyuma yake alikuwepo mwanamke anayerudi kinyumenyume, anafagia.

Ila leo mwanamke huyo alikuwa amekuja na sharti. Jana, baada ya ugomvi uliowakausha koo wote wawili, Msanii alikula kiapo. "Kesho dada anakuja nasi," alisema. "Tukiwa humo ndani, watatu peke yetu, nitamwambia wewe ni mchumba wangu. Yeye ndiye atakayemlainisha mama."

"Na usipomwambia?"

"Nitamwambia, mpenzi."

"Sikuulizi hilo. Tukitoka korongoni hujamwambia, mimi na wewe basi. Usinipigie simu, usinitumie salamu, usipite hata mtaa wa studio yangu."

Akakubali. Na asubuhi, dada mtu aliposhuka kutoka kiti cha mbele alikolala njia nzima, amevaa miwani ya jua yenye ukubwa wa sahani na raba nyeupe ambazo hazijawahi kuona vumbi, Msanii alifungua kinywa chake kizuri na kusema, "Dada, huyu ni msaidizi wangu."

Dada huyo alikuwa daktari wa meno. Alimtazama Chiriku kama wanavyotazama madaktari wa meno, yaani hakumtazama machoni.

"Unasaga meno," alisema.

"Samahani?"

"Usiku, ukilala. Nayaona yalivyolika kwa mbele. Anayesaga meno huwa kuna jambo amelimeza." Kisha akampa mkoba wake. "Nishikie hapo, msaidizi."

Chiriku alimgeukia Msanii. Msanii alikuwa anafuta lenzi.

*

Ili msomaji asimwone Chiriku kuwa mjinga, na tueleze. Alikuwa mpiga picha za harusi, na alikuwa hodari. Jina la Chiriku alipewa na wateja, maana hakunyamaza: aliwachombeza mabwana harusi waliojikausha, akawatania mashangazi walionuna, mpaka picha ya ukoo mzima ikatoka watu wanacheka kwelikweli. Siku zisizo na harusi alikaa kwenye studio yake ya chumba kimoja, katikati ya fundi viatu na kinyozi, penye pazia la buluu, stuli ya kuzunguka, na kioo chenye kitana kilichofungwa kamba ili wateja wasitembee nacho. Msanii alikuja pale kupiga picha ya pasipoti. Alikaa kwenye stuli, na kabla hata Chiriku hajanyanyua kamera, akamwambia taa zake zimekaa upande usiofaa.

Badala ya kumtimua, akampenda. Hilo Chiriku alikuwa hajajisamehe mpaka leo.

Kilichomponza ni macho. Msanii alipotazama kitu kupitia kamera, uso wake wote ulitulia, midomo ikaachana kidogo, na macho yakawa kama ya mtu anayesikiliza habari njema. Jiwe tu, kipande cha mwamba, lilitazamwa namna hiyo! Chiriku alikuwa amekaa miaka miwili akingoja zamu yake. Alibeba stendi ya kamera, alibeba maji, alifagia majangwa, na kila alipouliza lini atapelekwa nyumbani, jibu lilikuwa moja: mama. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mkali kama pilipili. Mama hawezi kumpokea mkwe anayezunguka kwenye kumbi za harusi usiku kucha. Mama ana shinikizo la damu. Tumpe mama muda.

Basi Chiriku alimpa mama muda. Alimpa mama muda mpaka akaanza kumchukia, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

*

Waliteremka, wakaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi, na kuta zilisogeleana mpaka mahali pengine ilibidi wapite kiubavuubavu. Mwamba ulikuwa laini, una mistari kama mbao iliyopigwa randa. Chiriku, pamoja na hasira zake, alijikuta anaugusa kwa kiganja. Palikuwa pazuri. Iliudhi kwamba palikuwa pazuri.

"Msaidizi, kofia yangu," alisema Daktari.

Akampa.

"Msaidizi, nifungulie maji."

Akamfungulia.

"Hivi anakulipa, huyu?"

"Muulize yeye, Daktari."

"Unamlipa?" Daktari alipaza sauti mbele, ambako mdogo wake alikuwa akienda kwa madaha na stendi begani.

"Tuna utaratibu wetu," Msanii alijibu bila kugeuka.

Utaratibu! Chiriku aliuma meno, kisha akakumbuka kuwa yanaonekana, akayaachia. Walikata kona, wakakata nyingine, na korongo likafunguka ghafla wakawa katika kitu kama ukumbi wa mviringo, wenye mchanga safi chini na kipande cha anga juu. Kwenye kuta za ukumbi huo kulikuwa na mianya kadhaa, mirefu na myembamba, kila mmoja unaingia gizani kivyake. Walikuwa wametokea katika mmojawapo. Daktari alitoa simu, akainyoosha mbele ya uso wake, akabinua midomo, akajipiga picha.

"Dada, tafadhali," Msanii alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. "Hapa si saluni."

"Picha ni picha."

"Hiyo si picha. Hiyo ni kujitazama kwenye kioo." Akatazama juu. Jua lilikuwa linakaribia utosini. "Mwanga unakuja. Chiriku, fagia. Fagia ukumbi wote, na ule mwanya tuliotokea pia, mpaka kule ndani kwenye kona, mchanga unapokoma na mwamba mtupu kuanza. Nitapiga nikiwa nauelekea."

Chiriku alimsogelea, akasema kwa chini, "Umemwambia?"

"Sasa hivi?"

"Tuko ndani. Tuko watatu. Sema."

"Mpenzi," alinong'ona, na akamgusa kiwiko kwa vidole viwili, pale ambapo dada yake hawezi kuona. "Mwanga kwanza. Huu mwanga haukai. Nikimaliza tu, namwambia."

Na moyo wa Chiriku, ambao ungekuwa mbwa angeupiga teke, ulitikisa mkia kwa vile vidole viwili.

Akafagia. Alianzia ndani ya ule mwanya, akarudi kinyumenyume hadi ukumbini, akazunguka kuta, akafuta alama za raba nyeupe na za buti za Msanii na zake mwenyewe, kisha akaupepea mchanga kwa kipande cha boksi mpaka ukakaa kama uliolazwa na upepo. Ilikuwa kazi ya kitaalamu na ya kipuuzi kabisa. Daktari aliketi kwenye jiwe na kumtazama muda wote.

Kisha jua likaingia. Lilishuka kutoka juu kama nguzo, na Msanii akapata wazimu wake.

"Mchanga! Chota mchanga, urushe juu, nguzo ya mwanga ionekane! Juu zaidi! Haya, toka. Toka kwenye picha!"

Chiriku alirusha, akaruka pembeni na vumbi likimwingia puani. Walihama ukuta huu wakaenda ule, kila wanapohama anafagia nyuma yao, na kila anaporusha anaambiwa atoke kwenye picha. Nguzo ilipofifia, Msanii alikuwa ametota jasho, anatabasamu peke yake, anabonyeza kamera kuangalia alichovuna.

"Umeona upweke huo?" alimwuliza. "Utafikiri hajapita mtu tangu dunia iumbwe."

"Naona," alisema Chiriku, akipiga chafya. "Sasa mwambie."

"Tukiwa njiani kutoka."

"Basi tutoke," Daktari alisema, akasimama na kujipangusa. "Maji yenyewe yamebaki kidogo. Njia ipi?"

Msanii alinyoosha mkono, kisha mkono ukasita hewani.

Mianya ilikuwa imewazunguka, yote mirefu, yote myembamba, yote myekundu. Mbele ya kila mmoja mchanga ulikuwa laini, safi, haujakanyagwa na kiumbe.

*

"Huu," alisema Msanii, kwa sauti ya mtu anayejua. Wakamfuata. Baada ya kona kadhaa mwanya ukaishia kwenye ukuta ulionyooka kwenda juu, na chini yake mifupa ya mnyama mdogo.

"Basi ule wa kushoto."

Ule wa kushoto ulizidi kubana mpaka Daktari akakwama kifuani, ikabidi avutwe kwa nyuma. Walirudi ukumbini. Simu hazikuwa na mtandao. Daktari aliita kwa nguvu, na korongo likamrudishia sauti yake vipande vipande. Hapo ndipo Chiriku alipoogopa. Hakuna aliyejua waliko. Msanii alihakikisha hilo yeye mwenyewe, ilikuwa siri yake.

"Unamaanisha nini hukumbuki?" Daktari aliuliza. "Si ulikuja hapa?"

"Nilikuja peke yangu. Nilirudi kwa kufuata nyayo zangu."

"Na leo ziko wapi?"

Chiriku alimtazama mwanamume wake. Aliona jinsi macho yake mazuri yalivyozunguka yakitafuta pa kujishika, na akajua yatatua wapi kabla hayajatua.

"Ni yeye," Msanii alisema. "Ni yeye aliyefagia."

"Kwa amri ya nani?"

"Mimi nilimwambia afagie kidogo, kwa ajili ya picha. Sikumwambia afute kila kitu. Alipaswa kutumia akili. Mtu unafagia mpaka njia ya kurudia?"

Chiriku alikuwa ameshawahi kutukanwa. Mashangazi wa harusini hutukana vizuri sana, hasa chakula kikichelewa. Lakini hakuwahi kuhisi kitu kama hiki. Haikuwa hasira. Hasira angeielewa. Ilikuwa dharau, na aliikaribisha kama mgeni aliyechelewa miaka miwili.

"Nitazame," Daktari alimwambia mdogo wake. Alivua ile miwani, na kumbe macho yake yalikuwa makali na yamechoka. "Nakuuliza, na hii ni mara ya mwisho. Huyu ni nani wako?"

"Dada, sasa si wakati..."

"Tunaweza kufia humu. Wakati upi unautaka? Huyu mwanamke ni nani wako?"

Chiriku hakupumua. Alijidharau kwa kutopumua, lakini hakupumua.

"Nimeshakuambia," Msanii alisema, akitazama buti zake. "Ni msaidizi wangu."

Daktari aliangua kicheko. Hakikuwa cha furaha.

"Mama alishinda," alisema. "Mimi nilibisha nikasema, mtoto huyu akibanwa atasema. Mama akaniambia hatasema, hata umbane kwa koleo." Akamgeukia Chiriku. "Dada yangu, nisamehe. Kofia, maji, mkoba, yote yale nilikusudia. Nilidhani nikikutuma vya kutosha ataona haya, aniambie nimwache mchumba wake. Ingetosha hata angenikata jicho."

"Mnajua?" Chiriku aliuliza.

"Tangu mwaka jana. Picha zako ziko kwenye simu yake, anaiacha wazi kila mahali kama soksi."

"Lakini mama hataki..."

"Hataki nini?"

"Hataki mkwe wa kumbi za harusi. Ana shinikizo la damu." Chiriku alijisikia anavyosema maneno hayo, na yakaonekana kwake ya kitoto.

"Mama?" Daktari alimkodolea Msanii macho. "Umemwambia mwenzio hivyo? Mama ana afya kuliko sisi wote! Mama alikwenda studio kwake! Alifunga safari, akapiga picha ya pasipoti, na hana anakokwenda. Alitaka tu amwone mtu aliyemfanya mwanawe anunue manukato."

Chiriku alimkumbuka. Mama mmoja mnene, mwenye miwani na kitambaa cha kijani kichwani, aliyekaa kwenye stuli akaanza kuizungusha kama mtoto. Picha ilirudiwa na kurudiwa kwa sababu pasipoti hazitaki kicheko, na yule mama kila akijikaza, Chiriku anasema neno, wanaangua tena wote wawili mpaka machozi. Wakati wa kuondoka alimshika Chiriku shavu akamwambia, "Mwenye bahati ni atakayekupata wewe." Chiriku alidhani ni mazungumzo ya wateja tu.

"Alirudi nyumbani akasema, namtaka huyo," Daktari aliendelea. "Tukamwuliza huyu mdogo wangu, vipi, huna mtu wa kutuletea? Mara ngapi tumemwuliza! Anasema bado anatafuta. Anasema sanaa inahitaji upweke."

"Mlipaswa kuniambia kwamba mnajua," Msanii alisema. Sauti yake ilikuwa na kinyongo cha mtu aliyedhulumiwa.

"Tukuambie nini? Kwamba una mchumba?"

Msanii akaanza kufuta lenzi. Chiriku alisubiri amtazame, aone jinsi mtu aliyemzulia mama yake ugonjwa wa kuzuia posa anavyotazama. Hakumtazama. Kwa hiyo hapakuwa na mama mkali. Hapakuwa na kizuizi chochote kile. Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo, na huyu bwana alisimama mlangoni akisema umefungwa, kwa sababu tu ilimfaa awe na mtu wa kumfagilia ambaye hahitaji kumtambulisha.

"Daktari," Chiriku alisema, na akashangaa sauti yake ilivyo tulivu. "Ile picha uliyojipiga tulipoingia. Uliipa mgongo njia tuliyotokea?"

Daktari alitoa simu. Wakaisogelea wote wawili, vichwa vimegusana. Hapo kwenye kioo ilikuwa midomo iliyobinuliwa, ilikuwa miwani, na nyuma ya sikio la kulia ulionekana mwanya, na juu ya mwanya huo jiwe lililovimba, limetoboka katikati.

"Kama gego lililooza," Daktari alisema.

Walizunguka kuta wakitazama juu, na gego walilikuta kule ambako Msanii alikuwa ameegemeza stendi yake. Alikuwa ameliona siku nzima. Halikumpendeza, ndiyo maana kila picha alilikata.

*

Walitoka kwa haraka, Daktari mbele, Chiriku katikati, Msanii nyuma na mizigo yake yote, maana safari hii hakuna aliyempokea. Waliposikia upepo wa nje na kuona mteremko wa kupandia, Msanii aliita.

"Simameni! Dada, simama."

Wakasimama.

"Huyu ni mchumba wangu," alisema. Alikuwa anahema, vumbi limemjaa nyusi, na alikuwa mzuri, Mungu amsamehe, alikuwa bado mzuri. "Nampenda. Nataka kumuoa. Haya, nimesema. Na hatujatoka bado, Chiriku. Ulisema kabla hatujatoka."

Moyo wa Chiriku uliruka. Hakuuzuia. Angeweza kuukaripia lakini ulikuwa umengoja sana maneno hayo, na sasa yalikuwa yamesemwa kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya shahidi. Alishuka hatua mbili akamsogelea.

"Usimwambie dada yako," alisema. "Niambie mimi. Ukinitazama."

Msanii alimtazama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimtazama vizuri, midomo ikaachana kidogo, uso ukatulia, na Chiriku akaona kitu alichokuwa akikililia kinaanza kumjia. Pengine ingetosha. Pengine angesamehe yote, wanawake wamesamehe makubwa kuliko hayo.

"Nakupenda," Msanii alianza. "Tangu ile siku ya..."

Nyuma ya Chiriku jua lilipita ukingo wa mwamba, na ukuta wote wa mdomo wa korongo ukawaka rangi ya kaa la moto. Chiriku hakuuona. Aliuona kwenye macho yake tu. Macho hayo yaliondoka usoni mwake, yakapita juu ya bega lake, yakatua kwenye jiwe, na yakapata ile habari njema.

"Dakika moja," Msanii alisema, mkono unatafuta kamera. "Mpenzi, dakika moja tu. Usiende. Hebu sogea kidogo kushoto."

Chiriku alisogea. Alisogea mpaka juu ya mteremko, akaendelea mpaka kwenye gari, na hakugeuka kuona picha ilitokaje.

*

Daktari alikuwa amekaa nyuma ya usukani. Chiriku alikaa kiti cha mbele bila kuulizwa. Mbali, kwenye mdomo wa korongo, walimwona Msanii amepiga goti moja, amesahau dunia.

"Tumwache?" Daktari aliuliza.

"Hapana. Mama yake atamtaka."

Alipofika hatimaye, alifungua mlango wa mbele, akamkuta Chiriku. Akasubiri apishwe. Chiriku alitazama mbele. Msanii akaenda kukaa nyuma, amebanana na stendi, akaanza kueleza kwamba amepata picha ya maisha yake, na kwamba ataiita kwa jina la Chiriku, na kwamba wataongea wakifika. Baada ya muda akalala, kinywa wazi.

Barabara ya lami ilipoanza, simu zilipata mtandao. Ya Daktari ililia pale pale. Aliiweka kwenye spika, mikono ikabaki usukanini.

"Mko salama?" Sauti ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kuongea na ukumbi mzima wa wanafunzi. Chiriku aliijua mara moja.

"Tuko salama, mama."

"Amesema?"

Daktari alimtazama Chiriku kwa pembe ya jicho. Kwenye kiti cha nyuma, mkoromo ulikatika. Msanii alikuwa ameamka.

"Amesema, mama," Chiriku alijibu yeye mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekataa."

Mama aliitambua sauti.

"Ni yule mpiga picha wangu?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekataa kabisa?"

"Kabisa."

"Mama," Msanii alisema akijongeza kichwa mbele, "mama, niache nikueleze, kulikuwa na mwanga fulani..."

"Wewe nyamaza," mama alisema. "Sijakupigia wewe." Kisha sauti ikashuka, ikawa ile iliyosikika kwenye stuli. "Una haki, binti yangu. Hata mimi nisingemchukua. Lakini nilikuwa nimeshakuandalia pa kukaa, unajua?"

Hapo ndipo Chiriku alipolia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kichwa kwenye kioo cha dirisha, na Msanii aliyekaa nyuma alinyoosha mkono kumgusa bega, akiamini machozi yale ni yake. Hayakuwa yake hata tone. Yeye alikuwa ameshamalizika kule korongoni. Chiriku alikuwa anamlilia mama mkwe.